Kura tatu ambazo hazikupigwa

Mwezi wa nne mdogo wangu alinitumia picha ya friji lake. Mlangoni, chini ya sumaku ya twiga aliyoinunua Kariakoo siku mbili kabla ya kupanda ndege kwenda Uingereza, alikuwa amebandika kadi nyeupe yenye majina yake yote matatu, lile la ukoo wetu wa Kinyakyusa likiwa limeandikwa vizuri bila kukosewa hata herufi. Chini ya picha akaandika: "Shikamoo dada. Hawa watu wananiita nikapige kura."

Nilidhani ni matapeli. Nikampigia hapo hapo nikiwa bandani kwangu sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mteja kashika kilo yake ya mchele ananisubiri. Mdogo wangu akacheka, akanieleza. Kumbe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, ya madiwani na hata ya wabunge, na sisi Watanzania tumo. Tangu 2023 mpiga kura wa kule anatakiwa aonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika. Maana yake mtoto wa Tukuyu, aliyekua akichota maji mtoni na kubeba ndizi kichwani kwenda mnadani, anaweza kuingia kwenye ukumbi wa kanisa huko Kent, kaunti anakoishi, na pasipoti yake ya Tanzania, akapewa karatasi na penseli, akachagua diwani wa Waingereza.

Nilifurahi kuliko yeye. Siku nzima nilikuwa nawasimulia wateja.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa Alhamisi, 1 Mei 2025. Huku kwetu ilikuwa Mei Mosi, sherehe za kitaifa zilikuwa Singida, na redio zote za sokoni zilikuwa kwenye hotuba ya Rais, pale alipotangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka sh. 370,000 hadi 500,000. Jioni nikakumbuka kumuuliza mdogo wangu: "Umeshaenda?" Vituo vyao hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, kwa hiyo muda ulikuwepo. Tiki zikawa za bluu. Kimya. Kwetu ilipofika karibu saa sita usiku, vituo vya kule vikiwa vinafungwa, simu ikaita mlio wa ujumbe.

"Sijaenda dada. Nimechoka."

Sikumjibu usiku ule, maana ningemwambia maneno mabaya. Nilijilaza nikiwaza watu wangapi wanaitafuta nafasi kama ile. Kesho yake alinipigia mwenyewe, tukaongea karibu saa nzima, na mazungumzo yale ndiyo yamenifanya niandike.

Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Anaendesha kigari chake kutoka nyumba hadi nyumba: huyu amuogeshe, yule ampe dawa, mwingine ampikie uji na kumwekea soksi. Nyumba moja ni nusu saa, nyingine dakika kumi na tano tu. Muda anaotumia njiani haulipwi. Sasa kule Kent barabara nyingi ziko chini ya halmashauri ya kaunti, na halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayolipia huduma za wazee wengi wasio na uwezo. Kwa hiyo ukitafuta mtu ambaye uchaguzi ule ulimgusa tangu gurudumu la gari hadi mshahara, ni yeye.

Akaniambia: "Dada, mlangoni kwangu viliingia vipeperushi vitatu. Kwenye viwili mgombea amepigwa picha amesimama barabarani ananyooshea kidole shimo. Vyama viwili tofauti. Shimo moja. Nalijua, lilinipasulia tairi mwezi wa pili, nikalipa paundi 90 na nikakatwa kwa kuchelewa nyumba ya tatu. Kote hakuna hata mstari mmoja unaomtaja mhudumu wa wazee."

Hapo hasira yangu ilianza kupoa.

Akanisimulia kuhusu mzee mmoja anayemhudumia asubuhi. Sisi nyumbani tunamwita Babu wa Makaa. Alikuwa mchimba makaa ya mawe. Kent nayo ilikuwa na migodi, na wa mwisho, Betteshanger, ulifungwa 1989. Siku ya kwanza alimuuliza mdogo wangu anatoka wapi, akamwambia kwetu ni jirani na Kiwira, na Kiwira kuna makaa ya mawe, baba yetu mdogo alifanya kazi kule. Mzee akamshika mkono asimwachie. Tangu hapo ni kama mjukuu wake.

Babu huyu maisha yake yote ni chama cha Labour. Baba yake Labour, babu yake Labour. Uchaguzi mkuu wa 4 Julai 2024 aliwapigia kura kwa njia ya posta, akafurahi kuona wapinzani wao, chama cha Conservative, wameondoka madarakani baada ya miaka 14. Mwezi ule ule, haujaisha, serikali mpya ya Labour ikatangaza kwamba ile pesa ya kuwasaidia wastaafu kupasha nyumba joto wakati wa baridi itabaki kwa wale maskini kabisa tu. Kwa aliyepita miaka 80 ilikuwa paundi 300 kwa mwaka. Babu akawa nje, kwa kuwa kipensheni chake cha mgodini kimemweka juu kidogo ya mstari. Baridi ile alikaa na koti ndani ya nyumba, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anamfunga vifungo.

Safari hii karatasi yake ya kura ilikuja kwa posta kama kawaida. Mdogo wangu aliiona mezani wiki mbili nzima, bahasha haijafunguliwa, birika la chai limewekwa juu yake hadi likaacha duara la kahawia. Akamuuliza: "Babu, nikusaidie kuijaza?" Mzee akatikisa kichwa. Akasema hao wengine hawawezi kumpata mpaka anaingia kaburini, na hawa wake wamemuacha. Basi akasukuma birika pembeni, akataka mkate wake.

"Sasa dada," mdogo wangu akaniuliza, "kama yule aliyezaliwa ndani ya chama ameshindwa kuifungua bahasha, mimi niende kumchagua nani?"

Mimi ni muuza mchele, lakini mambo haya huwa nayafuatilia, na wiki ile nilisoma kila nilichopata. Kwenye uchaguzi mkuu wa 2024 Labour walipata asilimia 33.7 ya kura na wakachukua viti 411 kati ya 650. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 60. Piga hesabu: katika kila watu watano waliojiandikisha kupiga kura, mmoja tu ndiye aliyewapigia, na huyo mmoja akatosha kuwapa bunge zima. Ni utaratibu wao, anayeongoza kwenye jimbo anachukua, waliobaki kura zao zimeishia hapo. Chaguzi za madiwani ni mbaya zaidi, kwa kawaida ni theluthi hivi ya watu wanaokwenda. Na Mei Mosi ile, kwa makadirio ya BBC ya kura kitaifa, Labour walipata asilimia 20 na Conservative 15. Vyama viwili vilivyopokezana nchi ile kwa miaka mia moja, ukivijumlisha unapata 35. Chama kilichoongoza kilikuwa Reform UK, chama kipya ambacho wimbo wake mkubwa ni wageni wapungue. Kent, ambako Conservative walikuwa wameshika halmashauri tangu 1997 na walikuwa na viti 62 kwenye uchaguzi wa 2021, walibaki na viti 5. Reform wakachukua 57 kati ya 81.

Niliposoma hivyo nilimpigia tena mdogo wangu, na safari hii nilikuwa na maneno yangu tayari. Nikamwambia: siku ile ile, huko Runcorn kaskazini, kulikuwa na uchaguzi mdogo wa mbunge, na mshindi alishinda kwa kura sita. Sita! Watu wanaojaa kwenye bajaji mbili. Nikamwambia wewe na wenzako wa zamu moja mngetosha.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa upole, maana hajawahi kunijibu vibaya tangu utoto: "Na wewe dada, Novemba ulienda?"

Sikuenda.

Siku ya 27 Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, siku ambayo Rais aliifanya mapumziko ili watu wakapige kura, mimi nilifua mapazia. Nilikuwa nimejiandikisha mwezi wa kumi, jina langu lilikuwepo ukutani, nililiona kwa macho yangu. Kituo kilikuwa shuleni, ukisimama kibarazani kwangu unakiona. Nilianika mapazia nikiwa naitazama foleni, ilikuwa fupi, vituo vikafungwa saa kumi jioni, na mimi nikakunja kamba.

Nitasema kwa nini, maana nikimtaka mdogo wangu aseme ukweli na mimi niuseme. Kulikuwa na kijana wa mtaani kwetu, fundi umeme, aliyechukua fomu ya uenyekiti. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kitu kimoja tu: mtaro. Siku chache baadaye jina lake likaenguliwa, tukaambiwa kuna kosa kwenye ujazaji wa fomu. Akakata rufaa, ikakataliwa. Aliyebaki wote tulimjua. Nikasema moyoni, yaani nivae kiatu, nikapange foleni, nikamthibitishe mtu ambaye ameshathibitishwa? Matokeo ya nchi nzima yalipotangazwa, CCM walikuwa wamechukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa yote.

Na mimi si mtu wa kutojali. Tarehe 25 Oktoba 2015 nilikuwa kituoni saa kumi na moja alfajiri na kanga mbili mabegani kwa baridi ya Mbeya, mtoto mgongoni, na ile wino ya kidoleni niliionyesha wiki nzima. Mwaka ule nchi nzima walijitokeza asilimia 67 ya waliojiandikisha. Mwaka 2020 ikawa kama 50. Hao waliopotea katikati walikwenda wapi? Hawakufa, hawakuhama. Wengi nawaona kila siku wananunua mchele kwangu. Tumechagua huku, tumechagua kule, wenye fulana za rangi hii na wenye fulana za rangi ile, wote walipita kwenye mtaro wetu wakati wa kampeni wakiruka kwa kushika sketi na suruali, wakasema "hili tutalishughulikia", na baada ya hapo ni danadana.

Niwaeleze huo mtaro. Mtaa wetu uko kwenye mteremko, na masika maji yote ya mlimani yanashukia pale. Yalikuwa yamekula njia mpaka bajaji haziwezi kuvuka. Mwezi wa pili mwaka 2025 jirani yetu alishikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha, na wanaume wanne wakambeba kwenye kiti cha plastiki kuvuka maji yaliyofika magotini, mmoja akimulika na simu. Alijifungua salama, namshukuru Mungu. Asubuhi yake tulikaa chini ya mparachichi wa mama mmoja tukasema basi, hatusubiri tena.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kushika pesa. Daftari ninalo hapa pembeni ninavyoandika, la kurasa 48, jalada la bluu. Kaya 61. Kila kaya sh. 15,000, na anayeshindwa anakuja na nguvu zake. Niliogopa, nikajua nitaishia kudai. Ndani ya wiki tatu kaya 58 zilikuwa zimelipa. Mama ntilie mmoja alileta kwa awamu saba, sh. 2,000 mara sita na 3,000 ya mwisho, na kila alipoleta alisimama kuhakikisha naandika. Bodaboda wawili waliobaki na deni walibeba mawe bure siku nzima. Jumla ikawa sh. 870,000. Tukanunua kalavati nne, saruji, lori la mawe, tukamlipa fundi. Jumamosi ya msaragambo walikuja watu wengi kuliko majembe.

Nilikuwa nimesimama pale na daftari langu, nikawaangalia mmoja mmoja. Yule hakupiga kura Novemba. Huyu hakupiga. Yule aliniambia mwenyewe kwamba hatapiga tena maisha yake yote. Na wote wapo, matope mpaka mapajani, wanabishana kalavati ilale vipi ili maji yasirudi nyuma. Kaya 58 kati ya 61 ni asilimia 95. Wanaotuita wavivu, wanaosema wananchi hawana mwamko, waje wanionyeshe hilo daftari la kwao.

Kwa hiyo nimekataa kumwita mdogo wangu mvivu, na Babu wa Makaa nimekataa kumwita mtu aliyekata tamaa na nchi yake. Mzee anayekataa kuwapigia wapinzani wake na hataki kuwapigia waliomnyang'anya joto, huyo bado ana msimamo. Kilichokufa ni imani kwamba karatasi ile ikitumbukizwa kwenye sanduku inafika kwenye shimo la barabarani, kwenye mtaro, kwenye bili ya kupasha nyumba joto. Na walioiua ni vyama vyenyewe, vikubwa, vyenye ofisi na magari, vilivyozoea kwamba watu hawana pa kwenda.

Ila kuna jambo lililonikaba mwezi ule wa Mei na bado halijaniachia.

Tarehe 12 Mei, siku 11 baada ya ule uchaguzi, serikali ya Uingereza ilitoa waraka wake kuhusu wahamiaji. Ulisema wahudumu wa wazee hawataajiriwa tena kutoka nje ya nchi. Na muda wa kukaa kabla ya kuomba ukazi wa kudumu ukapendekezwa uwe miaka 10 badala ya 5. Mdogo wangu alifika mwishoni mwa 2022. Alikuwa anahesabu 2027. Mwanawe yuko hapa kwangu, darasa la nne, na chumbani kwake tumeandika "2027" kwa chaki nyuma ya mlango.

Sisemi kura za Mei Mosi ndizo zilizouandika waraka ule. Ulikuwa unaandaliwa kabla. Na sisemi kura moja ya mdogo wangu ingebadilisha halmashauri iliyokwenda 57 kwa 5. Nasema hivi: wale waliokwenda kituoni siku ile walihesabiwa, walichambuliwa, wakajadiliwa kwenye televisheni wiki nzima, wamekasirika nini, wapewe nini. Wasiokwenda, na ndio waliokuwa wengi, hakuna aliyeuliza wamekasirika nini. Uchovu wa mdogo wangu haukuandikwa mahali popote. Duara la chai kwenye bahasha ya Babu halikuhesabiwa. Na mapazia yangu pia. Nilipokuwa nayaanika nilijiona nimegoma, nimewaonyesha. Mwenyekiti wetu hajui mpaka leo kwamba niligoma. Anadhani nilimkubali, au nilikuwa safarini.

Nilimwambia mdogo wangu hayo yote Jumapili, alikuwa amekaa kwenye gari nje ya nyumba ya mteja wake wa nne, dakika sita zimebaki. Hakulia, yeye si wa kulia. Alisema Babu amemuuliza kama atafukuzwa, na kwamba mzee ametaka amsaidie kuandika barua kwa mbunge wao. Wameanza. Mzee anatamka, yeye anaandika, kwa sababu mikono ya Babu inatetemeka. Wamefika ukurasa wa pili, na wote wawili watatia saini.

Kisha akaniuliza, kadi yangu ya mpiga kura iko wapi, maana uchaguzi mkuu wetu wa Oktoba 2025 ulikuwa unakuja.

Nilimwambia ipo. Lakini simu ilipokatika nikagundua sijui ilipo. Nilitafuta kabatini, nikatafuta chini ya godoro, nikapekua Biblia ya mama. Niliikuta kwenye lile kopo la siagi ninalowekea risiti za kalavati, imeshikana na risiti ya saruji kwa unyevu, picha yangu ya ujana ikiwa imefifia upande mmoja. Nikaibandua polepole, nikaifuta kwa kanga, nikaipiga picha nikamtumia.

Tiki moja tu hadi sasa. Yuko zamu ya usiku.